Rimu mpya, mgongo (sauti ya kugonga) wa zamani: shajara ya kukagua saspensheni wakati wa kubadili magurudumu nyumbani

Jumamosi asubuhi, kabla ya jeki

Gari ni dogo la abiria, linavuta mbele, lina rimu za aloi za kiwandani na matairi ya 195/65R15. Leo zinaingia rimu za inchi 16 zenye 205/55R16. Kwa kuwa magurudumu yote yanatoka, nimeamua kazi hii iwe pia ukaguzi wa saspensheni nzima. Vitu vingi vya chini havionekani vizuri tairi likiwa mahali pake, na ukishalirudisha unasahau kwamba ulitaka kuvitazama.

Nimeanza na futi kamba. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, upepo ukiwa sawa pande zote, nimepima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Mbele kushoto mm 378, mbele kulia mm 381. Napima kutoka kwenye habu na si kutoka ardhini ili unene wa tairi na upepo wake visiingie kwenye hesabu; kinachobaki ni springi peke yake. Tofauti ya mm 3 hainitishi. Ingekuwa 15 au 20 ningeanza kutafuta springi iliyokatika, na ningeitafutia mzunguko wa chini kabisa, pale inapokaa kwenye kiti chake na matope hutuama. Kipande kikikatikia hapo kinaweza kubaki kimekaa, gari likaonekana zima kabisa mpaka siku ukigeuza usukani likagonga.

Vipimo hivi viandike. Kimoja kitahitajika baadaye kwa kazi ambayo sikuwa nimeipanga.

Halafu hesabu ya rimu. Za zamani ni 6J (upana wa inchi 6), ET45. Mpya ni 6.5J, ET40. ET ni umbali kwa milimita kati ya uso wa rimu unaolala kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu hiyo. Namba ikipungua, gurudumu linasogea nje. Upana umeongezeka nusu inchi, yaani mm 12.7, ukigawanywa pande mbili ni mm 6.35 kila upande. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka kwa 6.35 na 5, jumla mm 11.35. Ukingo wa ndani unasogelea shokapu kwa 6.35 kutoa 5, yaani mm 1.35 tu. Hapo pana nafasi ya kutosha, hata ukihesabu kwamba tairi lenyewe nalo ni nene kidogo.

Kipenyo cha gurudumu zima hakijabadilika sana: la zamani lina mm 634.5, jipya 631.9. Mita ya spidi haitasumbuka. Lakini shavu la tairi limeshuka kutoka karibu mm 127 hadi karibu 113. Mpira uliokuwa unameza vishindo vidogo umepungua kwa mm 14. Hii ndiyo namba ya kuwekwa akilini katika shajara hii yote.

Jumamosi mchana, gurudumu likiwa nje

Nati nimezilegeza robo mzunguko magurudumu yakiwa bado chini, kabari zikiwa nyuma ya magurudumu ya nyuma na handibreki juu. Kisha jeki, kisha stendi. Jeki ni ya kunyanyulia. Kazi ya kushikilia gari ni ya stendi. Sijawahi kuona haja ya kubishana juu ya hilo na mtu yeyote.

La mbele kulia lilikuwa limeng'ang'ania habu kwa kutu. Kwa hali kama hii usiingie chini ukaanza kulipiga teke kutoka ndani. Rudisha nati mbili kwa mkono, ziache zimelegea mzunguko mmoja au miwili, kisha ligonge tairi kwa nyundo ya mpira huku ukilizungusha kidogo kila mara. Limeachia bila gari kutikisika. Uso wa habu nimeupiga brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, kwa sababu punje ya kutu iliyobanwa kati ya habu na rimu inatosha kulikalisha gurudumu upande. Nyuzi za stadi, zile boliti za habu zinazopokea nati, nimezifuta tu, sikuzipaka grisi. Nyuzi zenye mafuta hubana kuliko spana inavyosoma, na stadi huvutika.

Ukaguzi wa mkono nimeufanya kabla ya kutoa gurudumu, likiwa hewani. Mkono mmoja juu na mwingine chini, vuta na sukuma: hapo unaiuliza beringi na boljointi (kiungo cha tufe la chuma). Mikono kushoto na kulia: hapo unaiuliza tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani), na pia beringi. Ukisikia pleyi (kuchezacheza) ya juu na chini, mwambie mwenzako akanyage breki na urudie. Pleyi ikipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski na nako (chuma kinachobeba habu) kuwa kitu kimoja. Ikibaki, tatizo liko nje ya beringi: boljointi, bushi (mpira wa kiungo), au kiti cha juu cha shokapu. Mdogo wangu ndiye alikuwa kwenye pedeli. Pande zote mbili zilikuwa ngumu, hakuna pleyi.

Linki za stabilaiza, vile vifimbo vinavyounganisha kila upande na fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, nimezitikisa, hazikusema kitu. Sijaziandikia "nzima" kwenye daftari. Gari lilikuwa limenyanyuliwa upande mmoja tu, na hapo stabilaiza inakuwa imejipinda: upande wa hewani unataka kushuka, upande wa chini unauzuia. Linki inavutwa, na linki iliyovutwa haichezi hata kama boli yake, tufe la chuma la kiungo chake, imekwisha. Jibu lake halali linapatikana pande zote mbili zikiwa sawa, ama zote zinaning'inia ama zote zimebeba. Jioni ilikuwa imeshaingia, nimeiacha na alama ya kuuliza.

Rimu mpya zina tundu la katikati la mm 67.1 na habu yangu ni 60.1, kwa hiyo zinatumia pete za plastiki za kuziba tofauti hiyo. Nati nazo zimebadilika. Za kiwandani zilikuwa na shingo iliyonyooka na wosha bapa. Rimu hizi zinataka nati za koni ya digrii 60. Nati yenye wosha bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, na italegea barabarani. Msomaji anayenunua rimu zilizotumika, anza na hili kabla ya kutazama rangi.

Nimekaza kwa kuruka kila mara kwenda nati ya mkabala, hatua kwa hatua gurudumu likiwa hewani ili likae katikati, kisha chini ardhini kwa spana ya torki: nyutonimita 103, kama kitabu cha gari hili kinavyotaka.

Jumapili, barabarani

Malalamiko mawili, na nimeyaandika kwenye kurasa mbili tofauti kwa makusudi.

La kwanza: usukani unatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa, unakolea karibu na 100, kisha unatulia kidogo. La pili: kwenye barabara iliyokwanguka, mwendo chini ya 30, kuna tak-tak-tak mbele kushoto. Kwenye tuta kubwa hakuna kitu. Kwenye vijishimo vidogo vinavyofuatana ndipo inapiga.

Kabla ya rimu hizi hakuna lililosikika. Kila mtu aliyepanda gari leo amesema rimu ndizo zimeharibu. Nusu ya kauli hiyo ina ukweli, na wasiwasi wangu ni kwamba watu wengi hapa hufanya moja kati ya mambo mawili: hurudisha rimu za zamani na kusahau, au hununua shokapu mbili na kuendelea kusikia kelele ileile. Mtetemo unaofuata spidi na mgongo unaofuata mashimo huwa na vyanzo tofauti hadi ithibitike vinginevyo. Cha kwanza kinazunguka. Cha pili kinapanda na kushuka.

Mtetemo ulikuwa rahisi. Nimehamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma, kila moja likibaki upande wake kwa kuwa matairi haya yana mshale wa mzunguko. Mtetemo umetoka kwenye usukani ukaja kwenye kiti. Umehama na gurudumu, basi ni wa gurudumu. Saspensheni ya mbele haimo. Nimelinyanyua la kushoto lililohamia nyuma, nikasimamisha bisibisi juu ya tofali, ncha ikiwa karibu kugusa ukingo wa rimu, nikalizungusha taratibu. Ukingo ulikuwa unaisogelea ncha na kuiacha kila mzunguko, wazi kabisa kwa macho. Nilipolitoa, pete ya plastiki ilikuwa imepasuka na kipande chake kimejikunja kati ya habu na rimu. Nimeweka pete za alumini pande zote nne. Mtetemo umekwisha, ukurasa umefungwa.

Jumatano jioni, mgongo

Jaribio la kwanza lilikuwa kurudisha matairi ya zamani mbele, kwa muda. Nimepita kwenye kipande kilekile, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Mgongo upo. Umefifia sana, ukizungumza huusikii, lakini upo, na uko upande uleule wa kushoto.

Hilo ndilo nililotaka kujua kabla ya kununua chochote. Kitu kilichokwisha kilikuwa kimekwisha tangu awali, na zile mm 14 za shavu la tairi ndizo zilizokuwa zinaficha, kama godoro juu ya kitanda kinacholia. Rimu mpya zimeondoa kilichofunika. Angalia basi hatari ya kurudisha rimu za zamani na kuita hiyo tiba.

Sasa gari limenyanyuliwa mbele pande zote mbili, stendi mbili, magurudumu yote yananing'inia kwa usawa. Stabilaiza imelegea, haijipindi. Nimeweka kidole cha shahada kwenye buti la mpira la boli ya chini ya linki ya kushoto, mkono mwingine umeshika fimbo ya linki, nikaitikisa kwa haraka fupifupi. Tak. Kidole kimeipata kabla ya sikio. Buti lilikuwa na mpasuko upande wa nyuma, usioonekana ukisimama mbele ya gari, na nilipolibonyeza limetoa maji ya kahawia yenye mchanga, grisi hakuna. Ya kulia ni kimya na buti lake ni zima.

Linki iliyochoka inaeleza vizuri ile tabia ya kimya kwenye tuta. Tuta linanyanyua magurudumu yote mawili kwa pamoja, stabilaiza haifanyi kazi. Vijishimo vinachezesha upande mmoja baada ya mwingine, stabilaiza inavuta na kusukuma, na boli inagonga kwenye kikombe chake kila inapogeuza mwelekeo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na mgongo mmoja mzito, mara moja tu, kila nilipofunga breki kwa nguvu baada ya kurudi kinyumenyume, na linki haitoi sauti ya namna hiyo.

Kwa hiyo gari limerudi chini. Mdogo wangu amekanyaga breki, gia imetolewa, mimi nimelisukuma gari mbele na nyuma huku nikitazama pengo kati ya tairi na madigadi. Upande wa kulia tairi halikusogea. Upande wa kushoto limerudi nyuma kiasi cha kuonekana, kisha likarudi mbele. Gurudumu linalosogea mbele na nyuma ndani ya madigadi linaielekeza lawama kwenye bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini (mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na mwili wa gari), kwa kuwa hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya breki.

Nimenyanyua tena, mtaimbo mdogo kati ya amu na kitako chake. Mipasuko midogo juu ya mpira wa bushi ni ya uzee, haihukumu kitu. Hapa mpira ulikuwa umebanduka kutoka kwenye chuma karibu nusu ya mzunguko, mtaimbo ukiingia unaona mwanga upande wa pili.

Mnaona kwa nini ukaguzi wa Jumamosi haukuikamata. Gurudumu hewani, ukivuta juu na chini, bushi hii haiulizwi kabisa. Kwenye saspensheni ya MacPherson, ambamo springi na shokapu ni nguzo moja, iliyozoeleka tangu Ford walipoonyesha Consul na Zephyr kule Uingereza mwaka 1950, uzito wa gari unashukia kwenye kiti cha juu cha shokapu. Amu ya chini kazi yake ni kulishika gurudumu lisiende mbele, nyuma wala pembeni. Ukitaka kuijua hali yake, lisukume kwa mwelekeo huohuo. Kila kiungo kina hali yake ya kujificha: linki hujificha upande mmoja ukiwa hewani, bushi ya amu hujificha mpaka breki ivute, kiti cha juu cha shokapu hujificha mpaka uzito urudi na usukani ugeuzwe. Kuninginiza gurudumu na kulitikisa ni nusu ya ukaguzi.

Jumamosi iliyofuata, kufunga

Amu nzima ya kushoto, yenye boljointi na bushi zake, na linki mbili. Kulia linki ilikuwa bado nzuri, nimeibadili kwa sababu zote mbili zilianza safari siku moja. Nati zote nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia.

Kutoa amu hakuna la kusimulia, ila boljointi: ilitoka kwenye nako kwa kugonga pembeni mwa nako kwa nyundo, pale shina linapopita, wala si kwa kupiga nyuzi.

Kilichonichukua muda, na ambacho naomba kisirukwe, ni kukaza boliti za bushi. Bushi ya mpira haizunguki kwenye boliti kama beringi. Mpira wenyewe ndio unaojisokota. Ukikaza amu inaning'inia, umeifunga bushi kwenye pembe ya kuning'inia, na gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata limeegeshwa. Bushi mpya ya namna hiyo huchanika mapema, na mwenye gari husema kifaa kilikuwa bandia. Nimezishika boliti kwa mkono tu, nikaacha linki bado haijafungwa ili stabilaiza isiingilie, nikaweka jeki chini ya ncha ya amu karibu na boljointi, na kuipandisha pole pole, stendi ikibaki mahali pake. Pale mwili wa gari ulipotaka kuanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi, futi kamba kutoka habu hadi madigadi ilisoma karibu kabisa na 378, kile kipimo cha Jumamosi ya kwanza. Hapo ndipo nimekaza kwa torki ya kitabu, nikiwa pembeni, mwili wangu haupo chini ya gari.

Linki zimeingia mwisho, magurudumu yote mawili yakiwa kwa urefu sawa. Tundu limekutana na shina bila kulazimishwa. Shina likizunguka pamoja na nati, kuna tundu la pembe sita kwenye ncha yake. Lizuie kwa ufunguo wa alen na ukaze nati kwa spana ya kawaida.

Baada ya hapo

Barabara ileile, rimu mpya zikiwa mbele: tak-tak haipo, na breki baada ya rivasi inashika kimya. Vishindo vya mashimo vinasikika zaidi kuliko zamani, hilo ni shavu fupi na litabaki hivyo.

Usukani ulikuwa umeinama kidogo kulia ukienda moja kwa moja. Linki haigusi jiometri ya magurudumu, lakini amu inaigusa, hivyo gari limepelekwa kwenye alaimenti na usukani umenyooka. Nisingepeleka kabla ya kubadili bushi. Mashine ingepima gurudumu linalohamahama na namba zake zingekuwa za dakika ile tu.

Nati nimezipitia tena kwa spana ya torki baada ya kilomita kama 100. Mbili za nyuma kulia zilikubali kuzunguka kidogo, zingine zilikuwa pale pale.

Limebaki jambo moja. Shokapu ya nyuma kulia ina unyevu juu ya silinda, umeshika vumbi, haujatiririka. Ukungu wa mafuta kama huo bado haujatosha kuihukumu. Nimeifuta kavu na kupitisha kiganja juu ya tairi lake kutafuta vibonde vinavyofuatana, ambavyo shokapu iliyokufa huvichonga kwenye mpira. Tairi ni jipya mno kuwa na ushahidi. Nitalitoa gurudumu hilo tena wakati wa kuzungusha matairi, na nikikuta mafuta yametiririka hadi kwenye kiti cha springi, zinabadilishwa mbili za nyuma kwa pamoja.